Tulienda kuski, tukakuta majani

Saa moja asubuhi mwanangu mkubwa alikuwa ameshavaa kila kitu. Suruali ya ski (ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni), jaketi, helmeti, yale mamiwani makubwa kayapandisha juu ya paji la uso, glavu mkononi. Chai bado hajanywa. Kasimama dirishani kwenye apatimenti tuliyokodi anaangalia mlima, mimi niko jikoni kwa watu nafungua kabati moja baada ya jingine natafuta sufuria ya maziwa, nikamsikia anasema, wala hajapandisha sauti:

"Mama, kuna mtu anaendesha baiskeli kwenye mlima wetu."

Nikaacha kabati wazi nikaenda kuangalia.

Kweli. Mlima wote kijani na kahawia, majani yamelala yale ya baridi, na katikati yake mkanda mmoja mweupe umeshuka kutoka juu hadi kwenye kibanda cha lifti inayopandisha watu mlimani, mwembamba, kama shuka mtu kaianika juu ya nyasi akasahau kuianua. Pembeni ya huo mkanda jamaa na baiskeli yake anakata kona. Kavaa bukta. Februari hiyo, Uswisi, milimani.

Mdogo wake akaja, akaangalia, akauliza kama tunarudi nyumbani.

Baba watoto akasema hakuna kurudi, tumeshalipa.

## Kwanini tulienda

Wenzangu mnaoishi huku na watoto wa shule hii habari mnaijua, sitaieleza sana. Februari inakuja, shule zinafungwa wiki nzima kwa likizo ya michezo, na ikifunguliwa kila mtoto anaulizwa alikuwa wapi. (Hiyo likizo yenyewe chanzo chake wala siyo michezo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili makaa ya mawe yalikuwa shida, shule zikafungwa ili kuokoa makaa ya kupashia moto madarasa, watoto wakatafutiwa cha kufanya. Vita ikaisha, likizo ikabaki.) Mkubwa wangu miaka miwili mfululizo alijibu kwamba alikuwa nyumbani, mwaka wa tatu akaanza kudanganya. Nilijua kwa sababu mwalimu alinipongeza kwa safari yetu nzuri ya mlimani.

Halafu kuna kambi ya ski ya shule. Darasa lake zamu yao ni msimu ujao. Wiki nzima na darasa lote, usiku wanalala kule, mchana wapo kwenye miteremko, na wanagawanywa makundi kwa uwezo. Kundi la wasiojua kabisa linakuwaga na watoto watatu wanne, na mimi nikiangalia orodha ya darasa nawajua tayari ni akina nani, nyie pia mngewajua, majina yao tu yangetosha.

Sikutaka wangu awe humo. Ndiyo sababu yote. Sikuwa na mapenzi na ski, baridi siipendi, mimi nimekulia Dar, na baba watoto ni mtu wa Marangu, kakua kila asubuhi Kibo ile pale mbele yake na theluji yake hakuigusa mpaka alipokuja Ulaya.

Basi tukajipanga kimasikini. Nguo zote mitumba, huku kuna maduka yake wanayaita Brocki na ukienda Oktoba unapata vitu vya maana kwa bei ya kutupa. Baba watoto alicheka sana siku ile, akasema jaketi hizi hizi ndizo ziko soko la Memorial Moshi, wapagazi wanazinunua kupandia mlima na bado zina tiketi ya lifti inaning'inia kwenye zipu. Vifaa tukakodi. Na kijiji tukachagua cha chini, cha bei rahisi, mita 1,100 na kidogo, treni na basi kutoka Bern tunakoishi haichukui muda, lifti mbili tatu za kizamani, wenyeji ndio wanakopeleka watoto wao. Jina lake naliacha kwa sababu kuna mahali hapa chini nitalalamika.

Wiki kadhaa kabla ya safari kila usiku nilikuwa naangalia kamera yao ya mtandaoni. Kulikuwa na theluji. Halafu kukawa na theluji kidogo. Halafu ile kamera ikaanza kuonyesha ukungu tu na mimi nikachagua kuamini nyuma ya ukungu mambo mazuri.

## Zulia

Darasa la watoto lilihamishiwa kwenye kipande kimoja, nadhani upana wake hata daladala huwezi kuigeuza, na hapo ndipo walipo watoto wa madarasa yote, wadogo kwa wakubwa. Kuna mkanda wa mpira unaotembea unaitwa zulia, mtoto anasimama juu yake na ski zake unampandisha. Anafika juu, anashuka sekunde kumi na tano, anapanga foleni tena. Foleni ndefu kuliko mteremko. Saa sita mchana jua likatoka, ule mkanda mweupe ukaanza kuwa uji, watoto wanaanguka wanaamka na matope mgongoni.

Nilisogea kwenye kingo nikaishika ile theluji. Ngumu, mbegu mbegu, nzito. Ni theluji ya mashine. Kanuni yake siyo ngumu: wana bwawa la maji juu huko, maji yanasukumwa kwa bomba hadi kwenye mizinga, mzinga unayapuliza hewani yakiwa matone madogo mno na yale matone yanaganda kabla hayajafika chini. Lakini baridi lazima iwepo, na siyo baridi ya kuvaa sweta, inatakiwa digrii mbili au tatu hivi chini ya sifuri na hewa iwe kavu, hewa ikiwa na unyevu inabidi baridi iongezeke zaidi. Sasa hapo ndipo penye kichekesho. Ukiwa na mashine ya kutengeneza theluji bado unaisubiri hali ya hewa kama mkulima. Waliitengeneza Januari kulipokuwa na usiku wa baridi, wakairundika, na kwa kuwa ni nzito kuliko ile ya mbinguni inachelewa kuyeyuka, ndiyo maana inabaki pale peke yake majani yote yakiwa wazi. Usiku wetu wote tuliokaa pale mizinga ilisimama kimya maana hata usiku kulikuwa na joto. Baadaye tukasoma kwamba ile Februari ya 2024 imekuwa ya joto kuliko Februari zote zilizowahi kupimwa Uswisi, na wenyewe wanapima tangu 1864.

Bei ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo pa kulalamika. Nikamwendea dada wa shule ya ski nikamwambia kwa adabu zangu zote kwamba nimelipia darasa la mteremko na lifti, mwanangu yuko kwenye zulia siku ya pili, je kuna punguzo. Akanijibu vizuri sana, na tabasamu, kwamba darasa linafanyika, mwalimu yupo, saa ni zile zile. Na kusema kweli alikuwa sahihi kwa karatasi. Mwalimu mwenyewe kijana wa watu alikuwa anajituma, anawaimbia, anawachezesha, mimi nikaona aibu kuendelea kudai, nikaondoka na hasira yangu nikaenda kununua chai ya faranga tano.

## Mzee wa lifti

Lifti kubwa ilikuwa imefungwa, ila mzee wake alikuwa pale. Kaketi nje ya kibanda juani, ana redio, anatazama zulia la watoto. Kijerumani changu cha shule na Kijerumani chake cha mlimani vilichukua muda kuelewana. Nilimsalimia kwa sababu huwezi kukaa benchi moja na mtu mzima ukanyamaza, hata kama wenyewe wanaweza.

Aliniambia hiyo lifti kaiendesha tangu ujana wake, ana ng'ombe kijijini na wakati wa baridi alikuwa anakuja kufanya kazi hapo. Zamani ilikuwa kabla ya Krismasi hadi Machi. Sasa hivi wanafungua ikinyesha theluji, wanafunga ikiyeyuka, wanafungua tena, vijana hawataki kazi ya namna hiyo maana huwezi kumwambia mtu njoo Jumanne halafu Alhamisi hakuna. Na lifti usipoitumia matengenezo na ukaguzi bado unalipia.

Nikamuuliza, sasa si muweke mizinga mingi zaidi? Akacheka. Akaanza kunihesabia kwa vidole: bwawa, pampu, mabomba chini ya ardhi, umeme. Kijiji kikubwa kina uwezo huo. Hiki hakina. Nikaja kusoma baadaye kwamba Italia karibu mteremko tisa katika kila kumi una mashine, Uswisi ni kama nusu tu, na hiyo nusu siyo ya akina mzee huyu.

Halafu akaniuliza watoto wangu ni wepi. Nikamwonyesha, haikuwa kazi ngumu kuwatambua pale.

Akasema wapeleke juu, Engstligenalp, kule ipo theluji nyingi mwaka huu, nyingi kuliko kawaida. Nikamwambia kule ni mbali na ni gharama. Akaitikia kwa kichwa, kimya kidogo, halafu akasema jambo ambalo sikulitilia maanani pale pale. Alisema hapa chini ndipo watu wanapojifunza, kule juu wanakwenda watu ambao tayari wanajua.

## Juu

Tulienda. Baba watoto alifanya hesabu usiku kwenye simu, akafuta hela ya kula nje, akafuta siku ya kuogelea, akasema bora watoto waione mara moja kuliko kukaa wiki nzima kwenye matope. Mimi nilibisha, kisha nikaacha kubisha.

Kwa wasiopajua: unafika Frutigen, unachukua basi hadi Adelboden, halafu basi jingine hadi mwisho wa bonde, hapo kuna ukuta wa mwamba na maporomoko ya maji, na gari la kebo linakupandisha juu ya ule ukuta. Bonde lote njia nzima ni kijani. Nilikuwa naangalia dirishani najisemea huyu mzee katudanganya. Adelboden kwenyewe, hapo ndipo kila Januari wanafanya mashindano ya Kombe la Dunia la ski, mwezi mmoja nyuma Marco Odermatt alishinda pale watu wakapiga kengele za ng'ombe mpaka wakalewa, na sisi tunapita na basi naona paa za nyumba zinachuruzika.

Gari la kebo likapanda, likavuka kingo ya mwamba.

Nyeupe. Yaani sijui niseme nini. Uwanda mpana kabisa umezungukwa na milima, theluji imejaa mpaka vibanda vya wachungaji vimebaki mapaa, jua linapiga mpaka macho yanauma. Dakika chache tu nyuma tulikuwa kwenye nyasi. Mwanangu mdogo alikaa chini akaanza kuila.

Ni mita 1,964. Baba watoto alisimama akaangalia ile namba kwenye kibao akacheka peke yake, akasema unajua hapa ni kama getini tu Marangu, pale wageni wanapojiandikisha kupanda Kilimanjaro, hawajaanza hata kuhema. Kule ni msitu na nyani. Huku ni hivi.

Na ndivyo ule msimu ulivyokuwa Alps nzima, siyo kwetu tu. Juu kulinyesha theluji nyingi kupita wastani. Chini kulinyesha mvua. Wingu moja, tone moja, ila ukishuka kila mita mia hewa inaongezeka joto kama nusu digrii na zaidi kidogo, kwa hiyo kuna mstari hapo katikati, juu ya mstari unaski chini ya mstari unaloa, na huo mstari unapanda.

Mkubwa wangu alijifunza siku ile. Mchana mmoja tu. Mteremko mpana, mlaini, anaweza kukata kona bila kugongana na mtu, akianguka haumii. Saa nane akaja ananipita, hajasimama, ananipungia mkono na anapiga kelele za furaha, na mimi nililia jamani, na miwani ile ukilia ndani yake inajaa mvuke huoni tena kitu.

Nikiwa pale nikaanza kuangalia watu, tabia yangu hiyo. Kulikuwa na familia nyingi nzuri tu, siyo matajiri wa kutisha, hapo siyo Zermatt. Lakini wote walikuwa wanajua. Watoto wa miaka minne mitano wanashuka kama wamezaliwa nazo, wazazi wanashuka nyuma yao wanaongea na simu. Wa kujifunza ukubwani ni sisi na familia moja ya Kitamil tukawa tunatabasamiana kila tukianguka.

Nikamkumbuka mzee wa lifti.

## Wiki zilizofuata

Nilitegemea tukirudi Bern hii habari itaisha. Nguo zimefuliwa, picha zimetumwa kwenye grupu la familia, maisha yanaendelea. Haikuisha. Nakuwa kwenye tramu, nakuwa kazini, narudi pale pale, na kilichonisumbua siyo kwamba theluji ilikuwa mbovu. Kukosa theluji ni bahati mbaya, mtu anaweza kupata bahati mbaya.

Kwanza kulikuwa na ile simu.

Jumapili nilimpigia mama mkwe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, watoto hawajambo, picha nimeziona, mbona mnavaa kama mnakwenda vitani. Nikamweleza kila kitu, na majani, na zulia, na gari la kebo. Alisikiliza. Swali la kwanza akataka kujua mtoto akishashuka anarudije juu. Nikamwambia kuna lifti. Ya bure? Hapana mama, inalipiwa. Na zile mbao za miguuni? Tunakodi. Na mwalimu? Analipwa.

Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa shule inawafundisha kitu ambacho mtoto hawezi kukifanya peke yake siku hata moja bila ya mzazi kutoa hela?"

Nilianza kujibu kwamba huku ni utamaduni mama, ni kama kuogelea kwa watu wa pwani. Nikaishia katikati. Kuogelea Dar hatukulipia. Tulikuwa tunakwenda tu Coco Beach kwa miguu na kuogopa kupigwa tukirudi na chumvi mwilini.

Na ndiyo hapo nilipoanza kuelewa mzee alisema nini. Kile kijiji chake kilikuwa ndiyo Coco Beach yao. Siyo bure, lakini karibu na bure: lifti ya klabu, bibi anauza supu, mtoto anafika kwa basi Jumatano mchana baada ya shule. Waswisi wa kawaida, watoto wa mafundi na wa wakulima, walijifunzia huko. Wakishajua ndiyo wanaweza siku moja moja kujinyima wakapanda kule juu. Sasa joto likipanda kinachokatika siyo ski yote kwa pamoja. Inakatika kutoka chini. Na chini ndiko rahisi. Kule juu kwenye mahoteli wataendelea kuwa na theluji yao miaka mingi tu, na wakipungukiwa wataileta, maana Januari 2023 si tuliona Gstaad helikopta inabeba theluji kwenye mifuko kuunganisha mteremko? Davos wanaifukia theluji chini ya unga wa mbao kiangazi kizima ili Oktoba waifukue. Mwenye nacho atapata. Tatizo ni huyu wa zulia.

Nilikaa nikatafuta kama nawaza peke yangu. Kuna utafiti wa 2023, ulitoka kwenye jarida la kisayansi la Nature Climate Change, wamepitia maeneo 2,234 ya ski Ulaya nzima. Dunia ikipata joto la digrii 2 zaidi ya zamani kabla ya viwanda, na bila theluji ya mashine, asilimia 53 ya hayo maeneo yatakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji. Ikifika digrii 4 ni asilimia 98. Ukiweka mashine kwenye nusu ya miteremko ile 53 inashuka kuwa 27. Wengi wakisoma hapo wanaona mashine inasaidia. Mimi nilisoma nikaona mashine inasaidia mwenye hela ya mashine.

Na zingine zimeshafungwa. Upande wa Ufaransa, La Sambuy, siyo mbali na Annecy, kituo kidogo cha familia, 2023 waliamua kufunga na kung'oa lifti kwa sababu msimu umekuwa mfupi mno hauwalipi. Kileleni kwake ni mita 1,850 tu.

## Upande wa pili wa mambo

Hata hivyo sitaki kujifanya mtu wa kulia lia kuhusu lifti za Waswisi. Nilibishana na nafsi yangu sana kwenye hili.

Kazini nilipoanza kuwauliza wenzangu, kumbe wengi wao hawaski. Mmoja aliacha alipopata mtoto wa pili kwa sababu ya gharama, mwingine hajawahi, baba yake alikuwa dereva wa lori na wao walikuwa wanakwenda kwa bibi. Februari anapanda ndege kwenda visiwa vya Canary kutafuta jua na wala haoni aibu. Yaani mimi nimekaa miaka najitesa nikidhani hiki ndicho kizingiti cha kuwa mtu wa hapa, na wa hapa wenyewe wamekaa nje ya mlango huo huo kimya kimya.

Sasa hapo nikagawanyika. Upande mmoja nasema basi, kama ni kitu cha wachache na kinaisha, kwanini niwafundishe wanangu? Tuwape mpira, tuwape kuogelea mtoni Aare majira ya joto, maana Aare ni bure na Bern nzima inaogelea humo. Na haya mambo ya mizinga, maji, umeme, mabasi na magari ya watu wote wanaopanda milimani wikiendi, si ndiyo hayo hayo yanayoyeyusha? Barafu za milima ya Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake ndani ya miaka miwili tu, 2022 na 2023. Kibo wameshatuambia huenda barafu yake isifike 2050. Mtu wa Marangu kaoa mtu wa Dar wamekwenda Uswisi kulipia theluji ya bomba, ukiisema hivyo inakuwa kama tusi.

Upande mwingine namkumbuka yule mtoto ananipita anapunga mkono.

Na namkumbuka yule alikuwa anamdanganya mwalimu.

Baba watoto yeye hana huu mgawanyiko. Anasema mimi nafikiri sana. Kwake habari ni rahisi, mtoto akienda kambini anajua, atafurahi na wenzake, akiwa na miaka ishirini kama theluji ipo ataski na kama haipo atakuwa na hadithi. Nilimuuliza na yule atakayekwenda na hajui? Wale watatu wanne kwenye orodha? Akasema hao siyo watoto wetu. Akaona uso wangu. Akasema, sikumaanisha hivyo.

Tulilala hatujaongea.

Lakini ni swali la kweli na ndilo lililonifanya niandike. Mimi niliweza kumtoa wangu kwenye lile kundi kwa kufuta hela ya kula nje na kulipa mara mbili, chini na juu. Mama wa yule mtoto mwingine, wa mtaa wetu, Mu-Eritrea, watoto wanne na kazi za usafi za usiku, hana cha kufuta. Zamani yule mtoto angepelekwa Jumatano na jirani kwenye lifti ya mzee kwa hela kidogo. Sasa nafasi yake pekee ni kambi ya shule. Na kwenye kambi hapo kidogo kuna haki, kwa sababu Desemba 2017 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba safari ya shule ikiwa ni ya lazima mzazi anaweza kudaiwa hela ya chakula tu, faranga 10 hadi 16 kwa siku kulingana na umri. Kumbuka hapo kabla watu walikuwa wanalipishwa mamia. Shule nyingi zililalamika kwamba kambi zitakufa. Ya kwetu haikufa, ila barua yao ya mwaka huu inasema kambi inahamishwa, wanakwenda mahali pa juu zaidi, na wazazi wanaombwa kuchangia kwa hiari.

Kwa hiari. Sawa.

## Msimu ujao

Sijafika mahali pa kusema sasa nimeelewa. Nina maamuzi madogo madogo tu.

Kadi ya msimu hatununui. Wanaziuza kwa punguzo mapema, kabla mtu hajajua kama theluji itanyesha, yaani hatari yote wanakubebesha wewe mteja, baba watoto anaziona ni nafuu mimi naziona ni kamari. Kijijini kwa mzee tutarudi, theluji ikinyesha hata siku mbili tutapanda basi siku hiyo hiyo, ndiyo faida ya kukaa karibu, na nimeweka namba ya klabu yao kwenye simu wanatuma ujumbe lifti ikifunguliwa. Isiponyesha tunatembea kwa miguu, majani tumeshayazoea. Na yule mtoto wa Mu-Eritrea nimeongea na mama yake, akikubali tutakwenda naye, nafasi kwenye basi ipo na supu ya yule bibi haitumalizi.

Kuhusu mchango wa hiari nimeandika barua kwa shule, kistaarabu, nimeuliza nani ataona nani ametoa na nani hajatoa. Bado hawajanijibu.

Kinachokosekana sasa ni vifaa vya huyo mgeni wetu. Brocki nimeshapita nikakuta wameshayatoa mabegi ya ski wameweka mahema ya kiangazi, mpaka Oktoba tena. Kwa hiyo wewe unayesoma hii ukiwa Bern, Thun, hata Fribourg, kama una buti za ski za mtoto namba 36 zimekaa tu stoo, au helmeti, nicheki inbox. Nakuja kuzichukua mwenyewe.